Niliondoka Nikingoja Kuitwa

Naomba kwanza mcheke mmalize, kwa sababu nikishaanza kusimulia sitaki mtu wa kunikatisha, na aibu yenyewe nimeibeba muda mrefu kiasi kwamba kicheko chenu hakitaiongezea uzito. Waliokuwepo ukumbini siku ile wanaijua habari hii vizuri kuliko mimi, maana wao walikuwa wameuelekea ukuta na mimi nilikuwa nimeupa mgongo, na mtu aliyeupa ukuta mgongo (mtaona wenyewe) hana habari ya kinachoendelea duniani.

Mimi ni mtoto wa kibandani. Marehemu baba aliuza vitenge na viatu vya mitumba pale sokoni Tukuyu, mmoja wa wale Waislamu wachache ambao mji mzima unawajua kwa majina na kwa ugumu wa bei zao, na kabla sijajua kusoma nilishajua kwamba kitu ukikipenda usikitazame. Tazama cha pembeni yake, kikosoe, uliza kama hakuna rangi nyingine, halafu kigeukie kile chako kama mtu anayekionea huruma, na bei ikikataa kushuka, ondoka. Lakini uondoke polepole, masikio yakiwa nyuma, kwa sababu utaitwa tu. “Njoo basi, kaka, tuelewane!” Sijawahi kuondoka kwenye kibanda chochote Tukuyu wala Mbeya mjini nisiitwe, na nawaambia hivi nikiwa nimepiga hesabu mara mbili ili nisije nikadanganya.

Nikasoma, nikawa mwalimu wa chuo, somo la biashara (mngetegemea nifundishe nini, kwaya?), na kibanda akabaki nacho mke wangu, Mama Hawa. Ilikuwa miaka ile soko huria limeshakomaa, makampuni ya simu yanapanda minara vilimani, na vyuo vinafunguliwa hadi kwenye maghala ya zamani ya ushirika. Tawi letu lilikuwa kwenye ghala la namna hiyo. Ukumbi ulinukia kahawa ambayo haikuwepo tena, na mvua ikipiga yale mabati mwalimu unaacha kusema, unabaki kuandika ubaoni na kuonyesha kwa kidole.

Sasa sikilizeni shida ilipoanzia. Mwalimu wetu wa utafiti wa masoko alihamia Dar es Salaam bila kuaga, na wanafunzi sita wa mwaka wa mwisho wakabaki na somo moja pungufu, na bila somo hilo hakuna kumaliza, ni kurudi mwakani, na kurudi mwakani kwa mtoto ambaye mama yake anauza ndizi ili alipe ada si maneno ya kusema kwa wepesi. Mkuu wetu wa tawi, Dokta Ambindwile, akahangaika mpaka akampata mwalimu mmoja wa chuo kikuu huko Ufini, mwanamke anayeitwa Kaisa, ambaye alikuwa anatafuta wenzake wa kufundisha nao kwa njia ya intaneti. Wanafunzi wake wangechunguza soko la matunda yao ya porini, wa kwetu wangechunguza soko la ndizi, kisha wangekutana kwenye kompyuta kila wiki kulinganisha. Makao makuu yakakubali kwamba somo hilo litahesabiwa. Wote sita wakapona. Na Dokta akanikabidhi mimi kazi ya kuelewana na huyo Kaisa, kwa hoja kwamba “wewe Yusufu ndiye unayejua mambo ya kuelewana.”

Tuliandikiana barua pepe, mambo yakaenda vizuri, kila kitu nilikipenda isipokuwa kimoja: kwenye ratiba yake kipindi kilikuwa Ijumaa saa saba mchana. Ijumaa saa saba mchana mimi niko msikitini, na nimekuwa msikitini saa hiyo tangu nikiwa navaa kanzu ya kukunjwa pindo ili nisijikwae.

Mtu mwenye akili zake angeandika: dada Kaisa, Ijumaa saa saba nina swala, tunaweza kusogeza? Basi, imekwisha. Mimi nikaona huko ni kujianika. Ukimwonyesha mwenye duka kitu kimoja unachokitaka kweli, umempa kamba akufunge. Nikaiweka Ijumaa mfukoni, nikapanga kwamba siku ya kukubaliana rasmi nitaanza kukosoa mengine yote, nimchoshe, halafu mwishoni kabisa, wakati yeye anahema, niseme kama mtu anayeomba kiazi kimoja cha nyongeza juu ya ndoo: haya, angalau basi tubadilishe siku. Huo ndio uamuzi mdogo ulionizalia aibu yote hii. Ulikuwa mdogo kiasi kwamba hata mke wangu sikumwambia.

Dokta naye akaifanya siku hiyo kuwa sherehe. Alikodi projekta ili Kaisa aonekane ukutani, akamwalika diwani, wazazi, na wakulima wa Ikuti, Suma na Kinyala ambao ndizi zao ndizo zingechunguzwa. Mwenyekiti wao, mzee Asajile wa Ikuti, ambaye kila mtu anamwita Tata, yaani baba, alikaa mbele akiwa na koti lake la kanisani. Pembeni yake alikaa mama yake Atupele. Atupele ndiye aliyekuwa kiongozi wa wale sita, binti wa Kinyala, mkali wa hesabu, aliyepangiwa kutoa salamu kwa niaba ya wenzake, na mama yake alikuja na mkungu mzima wa ndizi kauegemeza ukutani. Ndizi hizo, niliambiwa, ni shukrani yangu mimi. Shikeni hapo.

Kaisa akatokea ukutani, uso mkubwa kama mlango. Watu wakapiga makofi. Atupele akatoa salamu vizuri sana, kisha Kaisa akasoma masharti: makala matano ya kusoma, insha mbili, wanafunzi sita, kila Ijumaa saa saba mchana. Akauliza, mnakubali?

Nikasimama, nikajikohoza.

“Makala matano ni mengi,” nikasema.

Akanyamaza. Si kwamba picha iliganda, nilimwona anapepesa macho. Sasa sokoni kwetu muuzaji akinyamaza ujue anapiga hesabu, anakaribia kulegea, ndiyo saa ya kuongeza.

“Na insha mbili, kwa kweli, zimezidi.”

Kimya.

“Na wanafunzi sita ni wachache mno.” (Hapa Atupele alinitazama, kwa sababu sita ndio wote tuliokuwa nao.)

Kimya kingine, kirefu, mpaka diwani akaanza kukagua kucha zake. Kisha Kaisa akasema taratibu, “Nimesikia. Mambo hayo ni muhimu sana kwenu?”

“Muhimu sana,” nikajibu. Hapakuwa na hata moja lililokuwa muhimu.

“Makala na insha vimeshapitishwa na chuo chetu,” akasema. “Siwezi kuvibadilisha.”

Sasa nataka mnielewe hapa, kwa sababu kuna watu wanasema nilikasirika. Sikukasirika hata kidogo, nilikuwa nafurahi. Bei imegoma, na bei ikigoma mwili wangu una kazi yake, haunisubiri mimi. Nilifunga faili. Nikasema, “Basi mama, tuache.” Nikamgeuzia mgongo yule mwanamke wa watu, mkubwa kama mlango, nikaanza kutoka ukumbini.

“Yusufu!” Dokta akaninong'oneza nilipompita. “Unakwenda wapi?”

Nikamkonyeza.

Nikatoka mpaka barazani. Mvua ilikuwa inaanza. Nikasimama pale nikijifanya natazama mlima Rungwe, ambao kwa ukungu ule haukuonekana, na masikio yangu yote yalikuwa ukumbini. Nikasikia sauti ya Kaisa inasema kitu kifupi. Nikajiweka tayari. Nikahesabu moyoni, nikarudia kuhesabu. Halafu nikasikia ule mlio wa kompyuta wa kukata simu, halafu viti, halafu kikohozi cha diwani. Hakuna aliyeniita.

Nikarudi ndani kama mtu aliyesahau mwavuli. Ukuta ulikuwa wa buluu tupu.

“Amesemaje?” nikamuuliza Atupele.

“Amesema anashukuru kwa kumwambia ukweli, mwalimu. Anauheshimu uamuzi wetu. Na hatatusumbua tena.”

Hapo Tata Asajile akasema, kwa upole kabisa, “Mwalimu, mwenye duka amefunga.”

Walicheka. Diwani alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini wale sita hawakucheka, na mama yake Atupele, ambaye Kiswahili chake ni cha kuvukia barabara tu, alikuwa anamtazama binti yake usoni ili ajue kama ni kicheko cha heri.

Ningeishia hapo ningekuwa na aibu ya kawaida, ya kuisha kwa mwezi. Sikuishia. Nikamwambia Dokta awape wageni chakula, tusubiri, atapiga.

“Atapiga kwa sababu gani, Yusufu?”

“Ndivyo biashara ilivyo, Dokta. Sasa hivi anajiuliza.”

Watu wakaanza kula mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, na nyama, vijiko vinaenda mdomoni na macho yote kwangu. Mara kompyuta ikalia. Barua pepe! Kutoka kwake! Nikakimbilia mezani, nikaketi, nikasoma: anasikitika kwamba masharti yake hayakutufaa, anatutakia heri, na kama siku moja hali itabadilika tumwandikie. Nyinyi mngesoma hapo mngeona mtu anayeaga. Mimi niliona muuzaji anayekimbia na kiatu mkononi akimfuata mteja barabarani, kwa sababu asiyetaka kuuza haandiki. Nikasema moyoni, sasa nampa dawa ya mwisho. Na dawa ya mwisho sokoni mnaijua: ni kumwambia kwamba kibanda cha jirani wanayo, tena nzuri zaidi.

Nikaanza kuandika kwa Kiingereza changu cha kiofisi. Nikaandika asijali kuhusu sisi, kwa sababu chuo kikuu kingine, kikubwa, cha nchi nyingine (sikuitaja, maana haikuwepo), kimekuja kutuomba tushirikiane nacho, kwa makala mawili tu na insha moja, na tuko mbioni kukubaliana. Niliandika kwa raha. Nyuma yangu ukumbi ukatulia, vijiko vikaacha kulia, nikajua sasa wananiheshimu. Nilisikia tu mnong'ono mmoja, sauti ya Atupele, Kinyakyusa, chini chini. Nikiacha kuandika, sauti inaacha. Nikiandika, inaendelea. Sikulifikiria hilo. Nikabonyeza kutuma, nikaegemea kiti, nikageuka.

Barua yangu yote ilikuwa ukutani. Ile projekta tuliyoikodi ilikuwa haijazimwa, na kila neno nililoandika, na kila neno nililofuta nikaandika la uongo zaidi, lilikuwa limesomwa na diwani, wazazi na wakulima wa kata tatu, kwa herufi kubwa kuliko zile za ubao wa kituo cha basi, na waliokuwa hawajui Kiingereza walikuwa wametafsiriwa na Atupele neno kwa neno kwa kadiri vidole vyangu vilivyokwenda.

“Chuo gani hicho, mwalimu?” Dokta aliuliza. Aliacha kuniita Yusufu.

“Ni... ni mbinu, Dokta.”

“Hiki chuo kikubwa,” Tata Asajile akasema, “kiko upande gani? Maana na sisi wenye ndizi tungependa kukisalimia.”

Safari hii hakuna aliyecheka sana. Na papo hapo kompyuta ikalia tena, na jibu la Kaisa likafunguka pale pale ukutani, mbele ya wote, mistari miwili: hongereni sana kwa kupata mshirika mwingine, nimefurahi kwa ajili ya wanafunzi wenu.

Mama yake Atupele akamuuliza binti yake jambo. Atupele akainama kufunga kiatu. Mama akainuka, akaenda ukutani, akauchukua ule mkungu, nami nikafurahi kabisa kwamba anaondoka nao, ingekuwa haki. Akaja moja kwa moja mpaka nilipoketi, akaukalisha miguuni pangu. “Ndaga fijo, mwalimu,” akasema. Asante sana. Kwao zawadi iliyotoka nyumbani hairudi nyumbani. Niliubeba begani mkungu huo mvua ikinyesha, nikakatiza nao mji mzima, na kila aliyeniona alinipongeza kwa ndizi nzuri.

Nilipofika kibandani Mama Hawa alikuwa anapanga viatu, na habari zilikuwa zimeshamfikia (habari Tukuyu hazisubiri mvua ikatike).

“Baba Hawa,” akasema bila kuinua kichwa, “nasikia umemgeuzia Mzungu mgongo.”

“Nilikuwa napatana.”

“Mlikuwa mnapatana nini? Ulitaka nini hasa?”

“Ijumaa. Kipindi kisiwe Ijumaa.”

Akaacha viatu. “Ulimwambia?”

Nikaokota kiatu kimoja, nikakipangusa.

“Baba Hawa. Ulimwambia Ijumaa, hukumwambia?”

“Nilikuwa naielekea.”

“Unaielekea kwa kupitia wapi? Kupitia mlangoni?” Akaguna. “Mimi hapa namtania mteja kwa sababu naye ananitania, tumekua pamoja, tunajuana. Yule ulimfundisha mchezo lini?”

Asubuhi yake nilikwenda kwa Dokta, nikamwambia yote, pamoja na Ijumaa. Hakunigombeza, na hilo liliuma kuliko kugombezwa. Aliwaita wale sita, tukakaa mbele ya kompyuta, tukampigia Kaisa. Nikasema moja kwa moja, jasho linanitoka kama mtu anayekiri mahakamani: hakuna chuo kingine, hakikuwahi kuwepo, makala matano ni sawa, insha mbili ni sawa, ila Ijumaa saa saba mimi huwa msikitini.

Akanyamaza. Safari hii niliuacha ukimya ukae.

“Ijumaa?” akasema hatimaye. “Ni hilo tu?”

“Ni hilo tu.”

“Kuna Alhamisi. Ungeniambia, ningehamisha siku ile ile.”

Nilitamani sakafu ya lile ghala inimeze na harufu yake ya kahawa. Lakini hakuwa amemaliza. Akasema kwamba jana, baada ya ile barua yangu, aligawa nafasi zetu kwa chuo cha nchi nyingine kilichokuwa kinasubiri. Kilichukua mbili. Hawezi kumnyang'anya mtu alichompa. Kwa hiyo zimebaki nne.

Na akanyamaza tena, akinitazama.

Ndugu zangu, mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Miaka yangu yote ya kibandani ilikuwa imejaa kooni, inataka kusema fanya sita, basi fanya tano. Nikajikumbusha nilivyoapa usiku kucha kwamba sipatani tena na huyu mama. Nikameza. Nikasema, “Tunashukuru. Nne zinatosha.” Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kukubali bei ya kwanza, na niliona fahari, nikajiona nimestaarabika.

Dokta alipiga kura kwa vikaratasi ili isiwe upendeleo. Wanne wakapata. Waliokosa walikuwa kijana mmoja anayeitwa Lusekelo, na Atupele. Wakarudi mwakani, wote wawili. Mwaka ule mzima nilikuwa nikikutana na mama yake barabarani na mkungu kichwani anasimama, anapiga goti kidogo, ananisalimia, na mimi naitikia nikiwa natazama viatu vyangu.

Mwaka uliofuata Atupele alilisoma somo hilo, tena akawa wa juu kuliko hata wale wa Ufini. Siku ya kipindi cha mwisho wengine wameshatoka, mimi nakunja nyaya, nikamsikia anamuuliza Kaisa kwa nini mwaka jana walichukuliwa wanne.

“Mwalimu wenu alisema nne zinatosha,” Kaisa akajibu. “Nilishangaa. Nilikaa nikisubiri aniombe. Viti viwili ningeongeza.”

Atupele akazima kompyuta. Akanigeukia, na hakuwa na hasira, ingekuwa nafuu angekuwa nayo.

“Mwalimu, ungeomba tu.”

“Niliona nitakuwa napatana tena, Atupele.”

“Kuomba si kupatana, mwalimu,” akasema. “Mtu anayepatana anaficha.” Akachukua begi lake. “Kwaheri, nakwenda, mama ananisubiri.”

Nimelipiga hesabu hilo mara nyingi kuliko mbili. Kwenye kimya cha kwanza niliongea, na kwenye kimya cha pili nilinyamaza, na mara zote mbili alikuwa amekaa pale mtu mmoja mwenye subira akingoja kusikia tu ninachotaka. Kwa hiyo nimejiwekea nadhiri, na mke wangu ameipinga kwa nguvu zote kwa sababu za kiuchumi, lakini sirudi nyuma. Siku hizi nikienda kununua viazi namwambia muuzaji kwa uso mkavu: “Mama, viazi vyako nimevipenda, nyumbani hatuna, na sina mahali pengine pa kwenda.”

Wananipiga bei ya kuua. Nalipa, nawashukuru, nabeba ndoo yangu, na siondoki mpaka nimeaga.